Mpako Unaotakiwa Kukwanguka Bila Kuliwa na Joto

Mtu anayeitazama injini ya ndege ya jeti kutoka mbele huona feni kubwa yenye mapanga mengi, na nyuma ya feni hiyo huona giza. Ndani ya giza hilo ndimo inamofanyika sehemu kubwa ya kazi. Safu baada ya safu ya mapanga madogo huivuta hewa na kuisonga, mpaka hewa iliyoingia ikiwa baridi na nyepesi inafika katika chumba cha mwako ikiwa moto na nzito. Kila safu huzunguka ndani ya kasha la duara, na kati ya ncha za mapanga na ukuta wa kasha pana mwanya mwembamba. Wahandisi wametumia zaidi ya nusu karne wakihangaika na mwanya huo, na silaha yao mojawapo ni mpako wa metali ambao, kinyume cha mipako mingine yote, umetengenezwa ili ukwanguke.

Ili kuelewa kwa nini kitu cha ajabu namna hiyo kilihitajika, ni lazima kwanza kutambua hasara iletwayo na mwanya. Hewa iliyokwisha kusongwa hutaka kurudi ilikotoka, na mwanya ulio katika ncha za mapanga ndio njia yake iliyo rahisi. Kila kiasi kinachorudi nyuma kimekwisha gharimu mafuta, na sasa itabidi kisongwe tena. Upande wa pili wa injini, katika turbini, mambo ni yale yale: gesi ya moto ipitayo juu ya ncha za mapanga haiyasukumi, na nguvu yake hupotea bure. Wahandisi wa shirika la anga la Marekani, NASA, walieleza katika taarifa yao ya mwaka 2002 kwamba kuupunguza mwanya wa turbini ya shinikizo la juu kwa robo moja tu ya milimita hupunguza matumizi ya mafuta kwa karibu asilimia 1. Robo ya milimita ni unene wa karatasi mbili au tatu za daftari la shule. Ndege inayounguza tani 100 za mafuta katika safari ndefu ingeokoa tani moja nzima kwa unene huo wa karatasi.

Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini basi mwanya usifanywe mdogo kabisa tangu kiwandani? Jibu linapatikana katika somo la kutanuka kwa vitu vigumu. Tuseme gurudumu la chuma lililobeba mapanga lina nusu kipenyo cha sentimita 25, na kwamba joto lake linapanda kwa nyuzi 400 za Sentigredi. Chuma cha aina hiyo hutanuka kwa kiasi cha sehemu 13 katika milioni kwa kila uzi mmoja wa joto. Ukizidisha utaona kwamba ukingo wa gurudumu unasogea nje kwa milimita 1.3, yaani zaidi ya mara tano ya ile robo ya milimita iliyotajwa. Kasha nalo hutanuka, lakini si kwa wakati mmoja na gurudumu. Kasha ni jembamba, hupata joto upesi na kupoa upesi. Gurudumu ni zito na huchelewa katika yote mawili. Rubani anapoongeza nguvu ili aruke, mzunguko wa kasi huyavuta mapanga nje papo hapo, kasha linafuata, na gurudumu linakuja mwisho. Anapopunguza nguvu, kasha hujikunja likiwa limezunguka gurudumu ambalo bado ni la moto. Kwa hiyo mwanya haukai katika kipimo kimoja. Hupanuka na kubana mara kadhaa katika safari moja.

Tena injini haibaki duara. Jambo hilo lilionekana waziwazi wakati ndege ya Boeing 747, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, ilipokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya abiria. Injini yake, JT9D ya kampuni ya Pratt & Whitney, ilikuwa kubwa kupita zilizotangulia katika ndege za abiria, na msukumo wake ulipokuwa unapita katika mahali iliposhikwa, kasha lilijibonyeza na kuwa kama yai. Upande mmoja mapanga yakasugua ukuta. Upande mwingine mwanya ukapanuka, na matumizi ya mafuta yakaongezeka. Dawa iliyopatikana ilikuwa fremu iliyougawanya msukumo ili usibebwe na sehemu moja ya kasha. Hata hivyo funzo lilibaki: kitu kizito kinachosukumwa na nguvu ya tani nyingi, na kutingishwa kila ndege inapotua, hakiwezi kutarajiwa kuwa duara kamili kama lilivyochorwa katika karatasi. Bei ya mafuta ilipopanda kwa ghafla kuanzia mwaka 1973, mianya hiyo midogo ikawa jambo la kuhesabiwa kwa fedha, na NASA ikaanzisha mipango ya kuchunguza mahali ambapo injini hizo zilikuwa zinapoteza ubora wake mwaka hata mwaka.

Ikiwa mapanga yatasugua ukuta hata iweje, basi afadhali ukuta ndio uumie. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mpako wa kukwanguka. Ukuta wa kasha unapakwa tabaka laini, lenye unene wa milimita moja, mbili au zaidi kidogo, na injini inaachwa ijikatie nafasi yake yenyewe. Panga linapotanuka huchonga mfereji mwembamba katika mpako, na mfereji huo huwa na umbo halisi la mwendo wa panga, ukiwa na kila upungufu wa duara uliomo katika injini hiyo. Ni kama kiatu kipya cha ngozi ambacho baada ya siku chache hulichukua umbo la mguu wa mwenyewe na si la mtu mwingine.

Wazo ni jepesi kulieleza, lakini masharti yake ni mazito. Ncha ya panga hupita juu ya mpako kwa mwendo wa zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Mpako ukiwa mgumu, panga ndilo litakaloliwa, na panga ni ghali mno kuliko mpako. Katika safu za mbele, ambako mapanga mara nyingi ni ya titani, hatari ni kubwa zaidi, maana titani iliyosuguliwa mpaka ikapata joto kali huweza kushika moto ndani ya hewa iliyosongwa. Mpako ukiwa laini kupita kiasi, mchanga na vumbi viingiavyo pamoja na hewa vitauchimba, na mwanya utapanuka bila panga kuugusa. Vumbi lililong'olewa nalo lazima liwe laini, lisije likaziba vitundu vidogo vinavyopitisha hewa ya kupozea turbini.

Ufundi wa kuutengeneza mpako huo una historia ndefu kuliko injini ya jeti yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Max Ulrich Schoop, mhandisi wa Uswisi, alibuni njia ya kuyeyusha metali kwa moto na kuipuliza kwa hewa ikiwa matone madogo ili igande juu ya kitu kingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 mafundi walipata chombo chenye nguvu zaidi, yaani bunduki ya plasma. Ndani ya bunduki hiyo umeme hupitishwa katika gesi kama vile argoni, na gesi hupata joto linalozidi nyuzi 10,000. Unga wa metali ukiingizwa katika mwali huo huyeyuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kila punje huruka kama tone na kugonga ukuta. Tone linapogonga hubapa na kuganda papo hapo, likawa kama chapati iliyo nyembamba kuliko unywele. Juu yake hutua nyingine, na nyingine tena, mpaka mpako unakuwa rundo la chapati elfu nyingi zilizoshikana.

Mpako uliorundikwa namna hiyo kwa metali tupu ungekuwa mgumu mno. Kwa hiyo metali huchanganywa na vitu viwili vyenye kazi ya kuidhoofisha kwa makusudi. Cha kwanza ni punje za plastiki ya poliesta, ambazo baadaye huunguzwa katika tanuri la joto la karibu nyuzi 500, zikaacha vitundu mahali zilipokuwa. Cha pili ni punje zenye tabaka zinazoteleza, kama grafiti, ile ambayo watoto wa shule wanaiita risasi ya penseli. Panga linapogonga mpako, ufa huanzia katika kitundu au katika punje inayoteleza, na kipande kidogo huchomoka bila ukaidi. Katika mipako mingi ya aina hii metali yenyewe hujaza nusu tu ya nafasi yote, au zaidi kidogo. Sehemu iliyobaki ni vitundu na vilainishi.

Kwa safu za mbele, ambako hewa bado haijawa ya moto sana, palitumika na pangali panatumika alumini yenye silikoni pamoja na poliesta, mchanganyiko unaofaa mpaka nyuzi 325 hivi. Nyuma yake hufuata nikeli yenye grafiti, ambayo huvumilia karibu nyuzi 480. Kikomo hicho cha pili hakihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kuwasha jiko: grafiti ni kaboni, ni ndugu wa mkaa, na ikipata joto na hewa ya kutosha itaungua na kuondoka ikiwa gesi. Nikeli nayo, isiyo na msaidizi, huanza kugeuka oksidi.

Injini hazikubaki katika viwango hivyo. Aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto, kwa sababu hewa inayosongwa huongezeka joto. Injini ya kwanza ya Frank Whittle iliyorusha ndege huko Uingereza mwaka 1941 ilisonga hewa kwa kiasi cha mara nne, na hewa hiyo haikufika hata nyuzi 200. Injini za ndege kubwa za siku hizi husonga hewa mara 40 na zaidi, kwa kuwa kusonga zaidi ndiko kunakookoa mafuta, na hewa itokayo katika kompresa hupita nyuzi 600 kabla tone moja la mafuta halijachomwa. Ukuta wa safu za mwisho za kompresa ukawa mahali ambapo alumini ingekuwa imelainika kama uji na grafiti imekwisha kuwa moshi. Ndipo lilipokuja swali la oksijeni.

Kwa kawaida watu huifikiria oksidi kuwa adui. Bati la paa likishika kutu huliwa mpaka likatoboka. Lakini sufuria ya alumini iko jikoni miaka mingi, na haitoboki hivyo, ingawa alumini huipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Siri ni kwamba alumini hujivika utando wa oksidi mwembamba sana, usioonekana kwa macho, na utando huo huzuia oksijeni isiendelee kupenya. Mwaka 1923 Pilling na Bedworth walionyesha njia rahisi ya kupima jambo hilo: linganisha nafasi inayochukuliwa na oksidi na nafasi iliyokuwa ya metali iliyoitengeneza. Magnesi hupata uwiano wa 0.81, maana yake oksidi haitoshi kuifunika metali yake. Alumini hupata 1.28, nguo inayomtosha mvaaji. Chuma hupata zaidi ya 2, na kutu yake husukumana, hupasuka na kubanduka. Kipimo hicho hakitoshi kueleza kila kitu, kwani kromi nayo inazidi 2 kidogo na bado hulinda vizuri, lakini ni mwanzo mzuri wa kufikiri.

Jambo la pili ni kasi. Mjerumani Gustav Tammann alieleza mwaka 1920, na mwenzake Carl Wagner akatoa nadharia kamili mwaka 1933, kwamba utando mzuri hukua kwa kupungua mwendo. Ili oksidi iongezeke, chembe za metali au za oksijeni lazima zipenye katika utando uliokwisha kuwapo, na utando ukinenepa safari yao inakuwa ndefu. Kwa hiyo mraba wa unene huongezeka sawasawa na muda. Kwa lugha ya kawaida: ikiwa utando umechukua saa 100 kufikia unene fulani, utahitaji saa 400 kufikia unene maradufu, na saa 900 kufikia mara tatu.

Kwa kutumia elimu hiyo, mafundi wa metali walijua muda mrefu jinsi ya kutengeneza aloi isiyoliwa na joto. Waya unaowaka mwekundu ndani ya pasi ya umeme na jiko la umeme ni nikeli yenye kromi, aloi ambayo Albert Marsh wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1906. Kromi hutoa utando wa kulinda. Alumini ikiongezwa hutoa utando ulio bora zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970, kwa ajili ya mapanga ya turbini, zilitengenezwa aloi zenye nikeli au kobalti, kromi, alumini na kiasi kidogo sana cha itriamu. Mojawapo iliyo mashuhuri ina kobalti pamoja na asilimia 32 ya nikeli, 21 ya kromi, 8 ya alumini na nusu asilimia tu ya itriamu. Iliposagwa kuwa unga, ikachanganywa na poliesta, na grafiti ikaondolewa na badala yake ikawekwa nitridi ya boroni, ambayo nayo ina tabaka zinazoteleza lakini haiungui upesi kama kaboni, ulipatikana mpako wa kukwanguka unaoweza kufanya kazi mpaka karibu nyuzi 750.

Hiyo nusu asilimia ya itriamu inastahili kusimamiwa kidogo. Utando wa oksidi hutanuka na kunywea kwa joto kwa kiasi kidogo kuliko metali iliyo chini yake. Injini inapopoa, metali hujikunja zaidi, na utando unabanwa mpaka unataka kuruka kama magamba ya rangi kuukuu. Mwaka 1937 L. B. Pfeil, mtaalamu wa Uingereza, alipata hataza iliyoonyesha kwamba metali adimu za jamii hiyo, zikitiwa kidogo tu katika aloi za nyaya za kupashia moto, huufanya utando ushike. Sababu zake zilijadiliwa kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1980 ilidhihirika kwamba mchawi mmojawapo ni salfa: hata ikiwa sehemu chache tu katika milioni, husafiri mpaka kwenye mpaka wa metali na utando na kuudhoofisha mshikamano wao. Itriamu huikamata salfa njiani.

Kufikia hapa msomaji angeweza kudhani kwamba tatizo limekwisha. Aloi hiyo ikipakwa juu ya panga la turbini huvumilia nyuzi 1,000 na zaidi kwa maelfu ya saa. Mbona basi aloi ile ile, ikiwa mpako wa kukwanguka, huanza kuleta mashaka ikipita nyuzi 750?

Jibu liko katika vitundu. Mpako wa panga ni mango, na oksijeni inaugusa upande mmoja tu. Mpako wa kukwanguka ni kama sifongo, na oksijeni huingia katika vitundu vyote vilivyounganika, ikazunguka kila ukuta mdogo wa metali pande zote mbili. Inafaa kulifanya jambo hili kwa hesabu, nayo ni hesabu ambayo darasa la kemia la kidato cha tatu linaiweza. Chukua ukuta wa kitundu wenye unene wa mikromita 20, yaani sehemu 20 katika elfu za milimita, na eneo la sentimita moja ya mraba. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.002. Densiti ya aloi ikiwa gramu 7.5, uzito wake ni miligramu 15, na alumini iliyomo, asilimia 8, ni miligramu 1.2. Katika oksidi ya alumini, gramu 54 za alumini huungana na gramu 48 za oksijeni. Hivyo miligramu 1.2 zitatoa kama miligramu 2.3 za oksidi. Densiti ya oksidi ni karibu gramu 4, na unene wake wote unakuwa mikromita 5.7. Ukiugawa kwa nyuso mbili, kila uso unapata pungufu ya mikromita 3.

Hiyo ndiyo akiba yote. Utando ukifikia unene huo, ukuta hauna alumini tena. Na kwa kweli mambo huharibika kabla ya hapo, kwa sababu alumini ikipungua chini ya kiwango fulani haiwezi kuuziba utando unapopasuka. Linganisha sasa na bamba mango la aloi hiyo hiyo lenye unene wa milimita 2. Lina unene mara 100, kwa hiyo akiba yake inatosha utando mnene mara 100, na kwa kanuni ya mraba muda wake ungekuwa mara 10,000. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila kitu kinakwenda vyema, jambo ambalo halitokei injinini, lakini inaonyesha ukubwa wa tofauti. Kile kinachoufanya mpako ukubali kukwanguka ndicho hicho kinachomfungulia oksijeni mlango.

Zaidi ya hayo, sehemu ya akiba huwa imekwisha tumika hata kabla injini haijawashwa. Tone la metali linaloruka kutoka katika bunduki ya plasma linapita hewani likiwa limeyeyuka, na sehemu ya alumini yake huungana na oksijeni pale pale. Tena katika joto la nyuzi 700 au 800 oksidi ya alumini haipati mara moja lile umbo lake imara. Huanza kwa maumbo ya mpito yanayokua haraka zaidi. Ukuta mwembamba haumudu matumizi ya namna hiyo.

Alumini ikiisha, zamu hushikwa na metali nyingine. Nikeli, kobalti na kromi hutengeneza oksidi zinazokua kwa kasi zaidi na zinazochukua nafasi kubwa kuliko metali zilizozizaa. Vitundu huanza kujaa. Mpako unavimba, na kwa kuwa oksidi ni ngumu, unakuwa mgumu. Panga linalokuja baada ya saa elfu kadhaa halikuti tena kitu laini kilichopakwa kiwandani. Hukuta kitu kinachokaribia kuwa kauri, na sasa ni panga ndilo linalokatwa. Au basi mkazo wa uvimbe unaupasua mpako, na vipande vinang'oka na kuacha shimo ambalo hakuna panga litakaloliziba. Uharibifu huo hauna kishindo. Huonekana kwanza katika daftari la mafuta: injini ile ile, njia ile ile, na matumizi yanayopanda kidogo kidogo.

Kuupima uimara wa mpako kama huo kuna mtego wake. Njia ya zamani na nzuri ni kuweka kipande katika tanuri na kukipima katika mizani kila baada ya saa kadhaa, kwani oksijeni inayoingia huongeza uzito. Lakini ikiwa ndani mna grafiti, au mabaki ya poliesta, vitu hivyo vinaungua na kupunguza uzito wakati huo huo. Mizani inaweza kuonyesha kwamba hakuna lililotokea, kumbe mawili yametokea na kufutana. Hata nitridi ya boroni, ikizidi joto lake, hugeuka oksidi ya boroni ambayo huyeyuka kwa nyuzi 450 hivi na kutoweka polepole penye mvuke wa maji. Tena kuna swali la eneo. Wanasayansi huandika ongezeko la uzito kwa kila sentimita ya mraba, lakini eneo la sifongo ni lipi: uso wa nje unaopimika kwa rula, au nyuso za vitundu vyote vya ndani? Ndiyo maana maabara makini hukikata kipande, hukisugua mpaka king'ae, na kukitazama kwa hadubini ili kuuona utando wenyewe na kupima unene wa metali iliyobaki. Kipimo cha ugumu nacho hurudiwa baada ya tanuri, na mwishoni mpako hupelekwa katika mtambo maalumu ambamo panga halisi huzungushwa kwa mwendo unaoweza kuzidi mita 400 kwa sekunde na kusogezwa polepole mpaka likate.

Dawa zinazojaribiwa hazitoki nje ya hesabu iliyofanywa hapo juu. Njia mojawapo ni kuyaacha matundu katika kiasi kile kile kwa jumla, lakini kuyafanya makubwa na machache, ili kuta zinazobaki ziwe nene. Ukuta wa mikromita 40 utadumu mara nne ya ule wa 20. Gharama yake ni kwamba uso unakuwa na makwaruzo zaidi, na hewa ipitayo huvurugika. Njia nyingine ni kuongeza alumini katika aloi. Lakini aloi yenye alumini nyingi huwa kavu na nyepesi kuvunjika, na mpako unaweza kumomonyoka kwa vumbi. Wako pia waliochagua kuiacha metali kabisa katika sehemu za moto mkali na kutumia kauri ya zirkonia, ambayo imekwisha kuwa oksidi tangu mwanzo na haina cha kuogopa kwa oksijeni. Mpako wa namna hiyo hufika nyuzi 1,200. Hata hivyo kauri huhitaji ncha za mapanga ziimarishwe kwa punje kali za kukatia, na hiyo ni kazi na gharama ya ziada. Ni kweli kusema kwamba metali bado ina nafasi yake kila mahali ambapo joto linaruhusu.

Mashine za nchi kavu zina mashaka yao tofauti na yale ya ndege. Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilifikishwa Dar es Salaam mwaka 2004 kuendesha turbini za kuzalisha umeme, na turbini ya namna hiyo ni ndugu wa karibu wa injini ya ndege: kompresa yake husonga hewa kwa mapanga yale yale ndani ya kasha lile lile. Lakini ndege hupanda na kushuka, na adui mkubwa wa utando wake ni kupashwa na kupozwa mara kwa mara. Mtambo wa umeme unaweza kuzunguka majuma mengi bila kusimama. Kwake utando haubanduki sana, ila alumini iliyomo katika kuta huendelea kuliwa usiku na mchana. Mpako uliochaguliwa vyema kwa kazi moja si lazima ufae katika nyingine, na mhandisi anayenunua vipuri kwa kutazama kikomo cha joto peke yake, bila kuuliza saa ngapi, atakuwa amesoma nusu ya swali.

Injini inapofika katika karakana ya matengenezo makubwa, kasha hufunguliwa na mpako wa zamani huchunguzwa. Mara nyingi unaonekana umebadilika rangi, ukiwa na mfereji wa mapanga uliokatwa siku za kwanza. Ukiwa umekwisha kazi huondolewa, kwa mashine ya kukereza au kwa mkondo mwembamba wa maji yenye shinikizo kubwa mno, ambao hung'oa sifongo hiyo bila kuijeruhi metali ya kasha. Kisha ukuta hukwaruzwa kwa mchanga ili upate kushika, bunduki ya plasma inawashwa, chapati mpya zinarundikwa, na poliesta inaunguzwa. Kasha hurudishwa mahali pake, na katika dakika za kwanza za majaribio mapanga huanza kuukata mfereji mpya, safari hii wenye umbo la injini jinsi ilivyo baada ya miaka yote hiyo ya kazi.